Banda la Kuku la Mama Mkwe na Tangazo la Tatu

Juma lililopita kijana mmoja wa hapa Mjambere aliniita nikamtazamie banda la kuku alilolijenga nyuma ya nyumba yake. Ni kijana mwema, huamkia watu vizuri, kwa hiyo nilimeza maneno niliyokuwa nayo mdomoni. Alikuwa amejenga ukuta wa mawe pande zote nne, ameupiga lipu ndani na nje, ameweka mlango wa bati na kidirisha kimoja ambacho hata paka angeomba ruhusa kukipita. Akaniuliza, "Babu, limekaaje?" Nikamwambia limekaa kama jela, ila wafungwa hupewa dirisha kubwa kidogo. Alicheka, lakini niliona hakufurahi. Basi nayaandika haya kwa ajili yake na kwa ajili yenu vijana wote mnaotaka kufuga, mjue kwamba simcheki mtu. Mimi nilijenga banda baya kuliko hilo nilipokuwa na umri wake, na nusura linikoseshe mke.

Kazi yangu ilikuwa useremala. Niliianza kabla sijaota ndevu na nikaiacha macho yaliponikataa. Likoni, Changamwe, Kisauni, kote huko nimejenga mabanda ya kuku. Mengine yameliwa na mchwa na mengine watu wameyageuza kuwa majiko. Waliniita Fundi Yona wa Kuku, na mwanzoni jina hilo lilinikera, maana mimi najua kuunda kabati la nguo na kitanda cha samadari, na milango yangu haijawahi kulia bawaba. Baadaye nililizoea. Kuku wamenilisha vizuri, mimi na watoto wangu.

Aliyenifundisha ni Fundi Elia, msimamizi wetu katika karakana moja kule Changamwe. Alikuwa mfupi, mkali, na sifa hazikutoka kinywani mwake hata siku za sikukuu. Ulipomaliza kuunga mbao mbili, alitoa wembe katika mfuko wa shati akajaribu kuupenyeza kwenye maungio. Wembe ukiingia, aliivunja kazi yako kwa nyundo mbele ya wenzako. "Upepo ukipita hapa, mvua nayo itapita," alikuwa akisema, "na mvua ikipita, jina lako litapita nayo." Alinivunjia stuli tatu. Ya nne wembe haukuingia, akanipa mgongo akaenda zake, nami nikajua nimefuzu. Tangu siku hiyo nikashikwa na ugonjwa wa kuziba. Popote nilipoona tundu, mkono uliniwasha.

Ugonjwa huo ndio niliokwenda nao ukweni.

Ilikuwa miaka ya vita kuu ya pili. Bandarini meli zilijaa, mjini askari walijaa, na kila aliyekuwa na kuku alionekana mtu wa maana. Nilikuwa nimemchumbia Dama, msichana wa Kisauni niliyemjua katika kwaya ya kanisa. Baba yake alikuwa ameshafariki. Aliyebaki ni mama yake, na mjomba wake, Mzee Kalume, kaka wa yule mama, mzee wa kanisa asiye na mke, aliyekuwa na nyumba yake ya chumba kimoja upande wa pili wa ua. Mzee Kalume ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya nyumba ile, na alipenda sana kusema.

Mama mkwe wangu alikuwa na kuku kumi na wanne, na hakuna wawili waliofanana. Walikuwapo kuchi wawili, wale kuku warefu wa pwani wenye miguu kama ya mkimbiaji. Alikuwapo kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya. Walikuwapo vibutu wasio na mkia, na kidimu mmoja ambaye manyoya yake yamepinda kuelekea mbele kana kwamba amepigwa na upepo tangu siku aliyoanguliwa. Waliobaki walikuwa wa rangi rangi tu. Ukimwonyesha yule mama yai, alikwambia limetagwa na nani. Walilala kwenye kibanda cha zamani cha fito kilichokuwa kimeinama, na kicheche alikuwa akichimba chini na kuwachukua mmoja mmoja.

Tulipokwenda kumaliza maneno ya posa, Mzee Kalume alikohoa akasema, "Mengine tumepatana. Limebaki moja. Dada yangu anamalizwa kuku na kicheche. Huyu kijana tumeambiwa ni fundi. Basi na ajenge banda. Asiyeweza kumlinda kuku, mwana wa watu atamlindaje?"

Watu walicheka. Mimi nilifurahi moyoni, nikaona nimepewa mtihani ambao majibu yake ninayo.

Kosa langu lilianzia hapo, na lilikuwa kosa la adabu. Kwetu zamani hizo kijana hakusema na mama mkwe uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani, uliacha njia ukaingia majanini mpaka apite. Ukiwa na neno naye, ulimpa mtu mwingine amfikishie. Nyinyi leo mnakaa na mama wakwe zenu mnacheka na kula pamoja, na siwalaumu, lakini sisi hatukuwa hivyo. Kwa hiyo mimi, ambaye nilitakiwa kujenga nyumba ya kuku wa mtu, sikumuuliza mwenye kuku neno hata moja. Sikuuliza wamezoea kulala vipi, nani anamwogopa nani, upepo wa ua ule unatoka wapi wakati gani. Nilisimama nje ya ua nikapima kwa macho, nikarudi Changamwe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, ndivyo wasemavyo, lakini hawajasema utamuulizaje mtu ambaye huruhusiwi hata kumtazama.

Mbao nilizipata kwenye masanduku yaliyoleta mashine kwa meli, mbao nzuri, kavu, za nchi za baridi. Nilizipiga randa jioni baada ya kazi. Nilizichonga zikaingiana ulimi na mfereji, pande zote nne, na sakafu pia ya mbao. Mlango niliutia komeo la shaba. Juu nikaweka mabati ya madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Kisha, kwa kuogopa mchwa, nikapaka lami nje, na kwa kuwa lami ilibaki, nikapaka na ndani. Nilichukua wembe wangu mwenyewe nikaupitisha kwenye maungio yote. Haukuingia popote.

Jumamosi tulilipakia kwenye mkokoteni, mimi na hamali mmoja, tukapita Makupa, tukakatiza mjini, tukavuka daraja la Nyali hadi Kisauni. Njia nzima watu waliuliza kabati hilo linakwenda kwa bwana harusi gani. Nilijibu ni la kuku, wakacheka, nami nikazidi kujivuna. Tulilisimamisha juu ya magogo mahali pa kibanda kile cha zamani, ambacho nilikibomoa kwa furaha kubwa. Jioni kuku waliingizwa, komeo likafungwa, na Mzee Kalume akaligonga ukutani kwa fimbo yake akasema, "Hapa kicheche alete cheti cha kuingia." Kesho yake kanisani kasisi alisoma tangazo letu la kwanza la ndoa. Kama mjuavyo, ndoa ya kanisa hutangazwa Jumapili tatu, na kila mara watu huulizwa kama kuna mwenye kujua kizuizi. Hakuna aliyesimama. Nilirudi Changamwe nikipiga mluzi.

Sasa nawaambia kilichotokea wiki ile, ingawa mimi sikukiona. Ulikuwa mwezi wa joto kali, kabla mvua za mwaka hazijaja, na ua ule ulikuwa umezungukwa na miti, hauna hewa hata kidogo. Asubuhi ya kwanza kuku walitoka midomo wazi, mabawa yametanuliwa. Siku ya pili walikataa kuingia, wakatiwa mmoja mmoja kwa mkono. Siku ya tatu hakuna aliyetaga. Siku ya nne mmoja wa wale vibutu alikutwa amekufa, na Ijumaa akakutwa kuchi. Dama aliniambia haya Jumapili iliyofuata, kabla ya ibada, bila hata kunisalimu. Macho yake yalikuwa mekundu.

Tangazo la pili lilisomwa, hakuna aliyesimama. Tulipotoka, Mzee Kalume aliniita pembeni. Hakuwa akicheka.

"Yona," akasema, "mimi si mtu wa ushirikina. Lakini mkono wako umeingia katika ua wetu na wawili wamekufa. Watu wanasema. Dada yangu hasemi, na huko kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa. Sikia. Akipotea kuku mwingine kati ya leo na Jumapili ijayo, kasisi akiuliza, nitasimama."

"Utasema nini, mzee?"

"Nitasema ndoa hii ingoje. Na ndoa ikingoja kwa sababu kama hiyo, mwanangu, wewe unajua hungoja mpaka lini."

Nilijua. Dama nilimpenda, bado nampenda, ingawa sasa yeye huniambia nisipige kelele redio ikisema. Nilimwona anakwenda nyumbani mbele yangu na kanga yake ya Jumapili, nikafikiri nitampoteza kwa sababu ya kuku, na sikujua hata kosa langu ni lipi. Banda lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililonichanganya.

Aliyeniokoa ni Bi Zuhura, jirani yao, mama wa Kiislamu wa ukoo wa zamani wa Mvita aliyehamia ng'ambo hii ya Kisauni akiwa msichana. Mchana ule ule alikuwa amekaa nje akichambua mchele na kuku wake wakizurura miguuni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama.

"Ndoo hapa," akasema, akiniita kwa mkono. "Ni weye fundi wa sanduku lile?"

"Ni banda, bibi."

"Wallahi si banda. Mimi n'melizunguka lote. Sanduku. Hebu nikuulize, weye ukilala huvuta pumzi?"

"Navuta."

"Na kuku yuwavuta wapi? Kuku hana jasho, mwanangu. Joto lake hulitoa mdomoni, kwa pumzi. Weye umewafungia kumi na wanne pamoja, wapumuliana, na ile lami yako yanuka kama meli. Mimi ni jirani tu, na usiku joto lile nalihisi hadi kwangu."

Huenda hapo bibi alitia chumvi, lakini nilisimama pale nikiwa nimeinamisha kichwa. Maneno yote ya Fundi Elia yalinigeukia. Alinifundisha kuzuia upepo usiingie, na ni kweli kwa kabati, maana nguo hazipumui. Hakunifundisha kuku, wala mimi sikumuuliza. Lakini moyo ulianza kurudi mahali pake kidogo, kwa sababu kosa lenye jina laweza kutengenezwa.

"Nikitoboa, kicheche ataingia," nikamwambia.

"Tia fito za mkoko, zisimame wima, na baina ya fito na fito kipite kidole gumba chako, kisipite kingine. Kicheche kichwa chake kikipita, mwili wote hupita. Kichwa kisipopita, atakaa nje atukane."

Wavu wa waya siku hizo ulikuwa hauonekani, wote ulikwenda kambini kwa askari, kwa hiyo fito ndizo zilizobaki. Shida ni kwamba ilikuwa Jumapili, na mimi kuanzia Jumatatu asubuhi natakiwa karakanani hadi Jumamosi mchana. Kufanya kazi Jumapili katika ua wa mzee wa kanisa! Nilimtuma Dama akamuulize mama yake. Alirudi akasema, "Mama anasema ukingoja Jumamosi atakufa wa tatu." Mzee Kalume aliposikia msumeno unalia, aliingia nyumbani kwake akafunga mlango, ili asiwe shahidi wa dhambi.

Vijana, mimi nimekata mbao nyingi, lakini sijawahi kuumia kama siku ile nilipotia msumeno katika kuta zangu mwenyewe. Nilikata nusu ya juu ya pande mbili, ule unaopokea upepo na ule unaoutoa, maana upepo usiokuwa na njia ya kutokea hauingii. Nilikwangua lami ya ndani, nikapaka chokaa. Nikapachika fito, nikipima kila nafasi kwa kidole gumba changu, hiki hapa chenye kovu. Nikainua paa kwa vipande vya ubao ili joto litoke juu.

Nilipofika kwenye vitegemeo vya kulalia, zile fito za ndani ambazo kuku hukaa juu yake, nilizipanga kama ngazi, moja chini, moja katikati, moja juu. Nikasikia sauti nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama amenipa mgongo, uso wake ameuelekeza kwenye ukuta wa jiko.

"Ewe ukuta," akasema, "mwambie fundi kuku wangu si wa aina moja. Akiweka ngazi, kuchi atapanda juu ampige kila anayemfuata, na wale wadogo watalala chini ya kinyesi."

Mimi nami nikageukia mti. "Ewe mti," nikasema, "mwambie mama nimesikia. Na muulize afanyeje huyo fundi."

"Ewe ukuta, mwambie aziweke zote sawasawa kwa kimo. Pasipo na juu na chini hapana ugomvi. Na zisiwe juu mno, kishingo ana mguu mbovu."

Tulizungumza hivyo mpaka kazi ikaisha, yeye na ukuta wake, mimi na mti wangu, na Dama amekaa katikati amejiziba mdomo kwa kanga asicheke. Katika saa ile moja nilijifunza mengi ya kufuga kuku kuliko miaka yote niliyokuwa nimewala. Nilijifunza kwamba kuku mchanganyiko ni kama wapangaji wa nyumba moja. Wape nafasi sawa ya kulala na vyombo viwili vya maji, kimoja mbali na kingine, ili mbabe asiweze kulinda vyote. Ukileta mgeni usimtupe ndani mchana wakamdonoa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mfunge karibu na banda siku mbili tatu waonane, kisha mtie kiza kikiingia, waamke pamoja wakidhani alikuwapo jana. Mama mkwe alikuwa pia akimzungusha kuku mgeni mara tatu kwenye mafiga ili asitoroke. Hilo mimi sikulibisha wala silibishi leo.

Mengine nilijifunza kwa wengine, miaka iliyofuata. Kule Likoni nilimjengea mwalimu mmoja banda zuri lenye hewa ya kutosha, siafu wakaja wakapanda miguu ya banda wakawala vifaranga wote. Alinitazama kama mimi ndiye niliyewaita. Tangu siku hiyo kila mguu wa banda langu husimama ndani ya kopo lenye jivu na mafuta machafu. Na utitiri, wale wadudu wadogo wanaokaa kwenye nyufa, wafukizie majani ya mwarobaini, na vitegemeo uvipake mafuta ya taa kuku wakiwa nje. Msisahau hilo la kuwa nje. Nilikuwa na mteja wa Changamwe aliyesahau, na nilimwona akimkimbiza jogoo anayenuka mafuta ya taa mtaa mzima.

Lakini turudi kwenye wiki ile. Jumatatu hadi Ijumaa nilifanya kazi kama mgonjwa. Fundi Elia aliitia kazi yangu wembe mara mbili na mara zote mbili ukaingia, akaniuliza kama nimefiwa. Jumamosi mchana niliweka vyombo chini nikaenda Kisauni mbio mbio. Dama alinipokea mlangoni anacheka. Kuku walikuwa wameanza kutaga tena. Kishingo alikuwa akijikung'uta mchangani. Kwenye fito kulikuwa na alama za makucha ya kicheche, alikuja akajaribu kila nafasi, akashindwa. Nilizishika zile alama kwa mkono nikasema asante Mungu, na nilimaanisha.

Jioni wakaingia mmoja mmoja kwa hiari yao, tukawahesabu. Walitakiwa kuwa kumi na wawili. Walikuwa kumi na mmoja.

Tukahesabu tena. Aliyekosekana ni kidimu, yule wa manyoya yaliyopinda. Dama akasema kwa sauti ndogo kwamba hata jana jioni hakumbuki kumwona. Nilizipitia fito zote, hakuna iliyolegea. Hakukuwa na damu wala unyoya. Nilitafuta kwenye muhogo, kwenye miiba, nyuma ya choo, kwa Bi Zuhura na kwa majirani wote, nikiita kama mwendawazimu. Mzee Kalume alisimama katikati ya ua na fimbo yake.

"Mzee, kicheche huacha manyoya," nikamwambia. "Huyu hakuliwa."

"Sikusema akiliwa. Nilisema akipotea. Yupo?"

"Hayupo."

"Basi," akasema, akaenda kulala. Naona haya kuwaambia, lakini alikuwa na huzuni naye pia. Alikuwa mtu wa neno lake, na neno lake lilikuwa limemfunga.

Nililala kwa rafiki yangu wa kwaya pale pale Kisauni, kama kulala ni kugeuka geuka. Asubuhi nilikwenda kanisani mapema. Mzee Kalume alikuwa ametangulia tangu alfajiri, yeye ndiye aliyekuwa akifungua mlango na kupanga viti. Dama alikaa na kwaya, hakuinua uso. Nikatazama upande wa kina mama, mahali mama mkwe alipokuwa akikaa kila Jumapili. Palikuwa patupu. Wimbo wa kwanza ukaisha, masomo yakasomwa, bado patupu. Nikasema moyoni, amekataa hata kuja kulisikia tangazo. Yamekwisha.

Kasisi akafungua kitabu chake. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho, natangaza ndoa kati ya Yona na Dama. Ikiwa kuna mtu anayejua kizuizi, na aseme sasa."

Nikasikia benchi linalia. Mzee Kalume alikuwa amesimama. Alifunga kifungo cha koti lake, akakohoa. Watu wote waligeuka. Mimi nilitazama vidole vyangu na sikuvijua kama ni vyangu.

"Baba kasisi," akaanza, "mimi ninalo neno."

"Kaa kitako, kaka!"

Sauti ilitoka mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama pale anahema, kanga imemteleza begani, ufagio bado anao mkononi. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kusema kitu kanisani isipokuwa amina, alikuja katikati ya safu hadi karibu na mbele.

"Kuku ni mzima," akasema. "Nimekwenda kukufagilia nyumba nimemkuta. Yuko kwako, mvunguni mwa kitanda chako, analalia mayai. Siku hizi zote unalala juu yake."

Baadaye nilielewa. Kwa kuogopa kuziba tena, nilikuwa nimeviacha viota vyote vya banda katika mwanga, na kuku wa kulalia hutaka giza, naye alikwenda kulitafuta. Wakati ule sikuelewa kitu. Nilimtazama Mzee Kalume. Alishika kifungo cha koti lake. Akafikiri.

"Mayai mangapi?" akauliza.

"Tisa."

"Basi, baba kasisi," akasema, "sina kizuizi." Akaketi.

Watu walicheka hadi kasisi mwenyewe akageukia madhabahu asionekane. Mama mkwe akajipangusa jasho, akaenda kukaa mahali pake na ufagio wake, na alipopita karibu nami alinitazama usoni waziwazi, akasema, "Mwanangu, pumua." Kisha wimbo ukaanza na kanisa zima likasimama, isipokuwa mimi. Nilikaa pale pale nikalia kwa furaha mbele ya watu wote, na Dama alipoiona hali yangu, alicheka akashindwa kuimba mpaka ubeti wa tatu.